Adabu Imehamia kwa Shangazi

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimesimamisha chumba kizima. Ndiyo kazi yangu — naita kesi mahakamani. Hakimu akishika tu kitasa cha mlango wake, mimi natoa sauti: simameni! Wanasimama wote. Mawakili, polisi, washtakiwa, hata yule tajiri wa kesi ya kiwanja anayekuja na miwani ya jua ndani ya nyumba. Nikisema simu zizimwe, zinazimwa. Mtu akitaka kukohoa ananiangalia mimi kwanza.

Kisha nikarudi nyumbani.

Nimefungua mlango, nimesema habari za jioni. Kimya. Mkubwa, mwanangu wa kwanza, miaka ishirini na miwili na cheti cha uhasibu, amejinyoosha kwenye kochi kama mgonjwa aliyelazwa. Kitinda, wa mwisho, miaka kumi na sita, anaongea na simu yake. Nikarudia salamu, safari hii kwa sauti ya kazini. Mkubwa akatoa hedifoni ya sikio moja — moja tu, la upande wangu — akauliza kama kuna moto.

Nikasema hakuna moto. Akairudisha.

Jumanne, 4 Machi

Kitinda ana neno moja tu siku hizi: sawa. Lakini si moja. Kuna sawa ya nimesikia na sitafanya. Kuna sawa ya mama toka chumbani kwangu. Kuna ile ndefu, sawaaa, ambayo ikiandikwa vizuri ni tusi. Leo nimepewa zote kabla ya chai ya asubuhi, kwa sababu ya taulo lililoachwa sakafuni.

Nikamlalamikia baba yao. Akasema ni umri, utapita. Mume wangu ni fundi wa majokofu. Kutwa anapoza friji za watu, na akirudi nyumbani anapoza kila ugomvi kabla sijaushinda.

Taulo bado liko sakafuni. Nimeliruka mara kadhaa. Sitaliokota. Tuone.

(Nimeliokota.)

Alhamisi, 6 Machi

Mgomo! Nimetangaza wakati wa chakula cha mchana, kwa simu, kwenye kundi la familia: asiyesalimia hapikiwi. Nilijiona jasiri kweli. Nilimsimulia mpiga chapa wa ofisi yetu, akanipa mkono.

Jioni nikaingia chumbani, nikafunga mlango, nikangoja njaa ifanye kazi yake. Baada ya muda nikasikia mafuta yanachemka. Mkubwa anakaanga mayai. Sikujua kama anajua kuwasha jiko. Halafu kicheko cha Kitinda. Halafu — hili ndilo lililoniuma — kicheko cha baba yao. Wamekula jikoni kwa kusimama, wote watatu, wakicheka kama watu walioko matembezini.

Mimi nimekula biskuti mbili nilizozikuta kwenye mkoba. Moja ilikuwa imelowa manukato.

Mgomo umekwisha. Sijautangaza kuwa umekwisha. Kesho nitapika tu kama mtu aliyesahau.

Jumamosi, 8 Machi

Sijui nianzie wapi.

Wifi yangu alikuja. Dada mkubwa wa mume wangu, muuguzi mkuu mstaafu, mwanamke ambaye hata mashuka yake yanaogopa kukunjamana. Watoto wake, wanasema, walikuwa wakiamka wanatandika vitanda kabla hawajafungua macho vizuri. Wako mbali sasa, kila mmoja na kazi yake. Akija kwangu mimi huwa naficha vyombo vichafu ndani ya oveni.

Tukakaa. Mazungumzo yakawa yanasinzia. Akauliza habari za Mkubwa, amepata kazi? Na mimi, kwa kutaka kuchangamsha baraza, nikaanza kumsimulia usaili wa Mkubwa wa mwezi uliopita, kule ofisi ya bima. Walimwambia ajieleze. Akakauka. Neno halitoki. Amekaa, anawatazama, wanamtazama, mpaka mzee mmoja wa jopo akadhani anasali, naye akainamisha kichwa.

Nilisimulia vizuri. Lazima niseme. Niliinamisha kichwa kama yule mzee, nikatoa macho kama Mkubwa. Wifi alicheka mpaka akajifuta machozi, na kumchekesha wifi si kazi ndogo. Nikaongeza chumvi. Nikarudia ile sehemu ya macho.

Mkubwa alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai. Nilikuwa sijamwomba. Alitengeneza mwenyewe, vikombe vizuri vya kabatini.

Akaliweka sinia mezani. Polepole, hata kijiko hakikulia.

"Mama, nyamaza," akasema. "Hapa si mahakamani. Si kila kitu lazima kitangazwe."

Mbele ya wifi! Wifi akashusha kikombe. Akaanza kusema kwamba kwake yeye mtoto hata awe na ndevu hawezi kumwambia mzazi... Na mimi nikaona uso wangu unaanguka pale sakafuni mbele ya mwanamke yule, nikatafuta cha kuuokotea. Nikaipata sauti ya kazini.

"Anayeona nyumba hii ina kelele, mlango uko wazi."

Akanitazama. Akasema sawa. Nilijua amelitoa wapi neno hilo, lakini lake lilikuwa jipya, silijui bado maana yake.

Chai ile haikunywewa na mtu.

Jumapili, 9 Machi

Lilikuwa na maana ya ndiyo.

Ameondoka. Begi moja na mto wake wa kulalia. Nilikuwa nafua nyuma, nikamwona anapita getini, nikadhani anakwenda dukani. Na mto! Mtu anakwendaje dukani na mto? Lakini ndivyo nilivyojiambia mpaka nguo zote zikawa kambani.

Nilijua yuko kwa rafiki yake, atarudi akiona njaa. Jioni simu ikalia. Wifi. Akasema kijana yuko kwake, nisijali, yeye atamnyoosha.

Kwa wifi! Kati ya nyumba zote duniani.

Nilipokata simu baba yao alikuwa ananitazama. Angesema kitu ningemjibu.

Jumatano, 12 Machi

Kitinda amebadilika. Asubuhi nimemkuta amesimama wima mlangoni pa chumba changu. Shikamoo mama. Umeamkaje mama. Naomba ruhusa ya kutumia bafu, mama. Nikampa ruhusa. Jioni nimeingia sebuleni akasimama. Nimekaa, akakaa. Ameomba ruhusa ya kufungua friji. Ameomba ruhusa ya kuifunga.

Kumbe inawezekana! Ilihitajika tu mfano wa mmoja. Kesho nitamweleza mpiga chapa — ukali kidogo, nyumba inanyooka.

Ijumaa, 14 Machi

Wifi amepiga tena. Anasema hajapata kuona kijana mwenye adabu namna hii. Anaamka mapema, anafagia, anamsalimia mpaka muuza maziwa. Akasema — nanukuu maana nitalikumbuka mpaka kaburini — "Wifi, na wewe ulikuwa unamsingizia mtoto."

Akatuma na picha. Mkubwa anapiga deki. Amevaa aproni ya wifi, ina maua ya waridi. Nimeivuta picha nikaikuza mpaka ikawa madoa matupu. Ameshika lile fagio la deki kama aliyezaliwa nalo. Kwangu miaka yote hii alikuwa hajui kama tuna ndoo.

Nilipaswa kufurahi. Mtoto ana adabu, si ndicho nilichokuwa nalilia? Badala yake nimemaliza saa ya mapumziko nikiikagua picha kama ana mashavu au hana. Naona amekonda. Baba yao anasema ni pembe ya kamera. Mpiga chapa naye anasema ni pembe ya kamera. Hakuna aliyemzaa isipokuwa mimi.

Kitinda ameomba ruhusa ya kulala.

Jumatatu, 17 Machi

Kesi ya wizi wa pikipiki. Shahidi ni kijana, labda rika la Mkubwa, shati jipya bado lina mikunjo ya dukani. Mwendesha mashtaka akamwambia aieleze mahakama alichokiona. Akafungua kinywa. Kikabaki wazi. Akatazama dari, akatazama viatu. Nyuma kule mtu akakohoa kicheko, mwingine akadakia, mara benchi zima linatikisika.

"Kimya!"

Ni mimi. Hakimu alikuwa bado hajaniagiza. Nilitoa sauti ambayo sijawahi kuitoa, hata kijana mwenyewe akashtuka, askari wa mlangoni akasimama sawa. Hakimu akainua miwani akanitazama. Nikajifanya nimepaliwa. Nikakohoa, nikakimbilia kuinua jagi nimmiminie maji shahidi, nikayamwaga mengine juu ya kizimba.

Akanywa. Akaanza kusema. Alisema vizuri tu, alihitaji muda.

Mimi ndiye niliyefuta kizimba kwa karatasi, kisha nikafuta na macho. Mpiga chapa akauliza ninaumwa? Nikamwambia ni vumbi la feni.

Jumanne, 18 Machi

Leo nimeshindwa. Kitinda alisimama nilipoingia jikoni, kijiko mkononi, akaniambia karibu mama jikoni kwako. Nikamwambia aache. Akauliza aache nini, mama. Nikasema hicho, hicho anachofanya. Akauliza kwa upole kabisa, kama karani wa benki, si ndicho nilichotaka?

Nikakaa kwenye kigoda. Nikamwambia ananitesa. Nikasema mimi sikumfukuza kaka yake, nilisema tu mlango uko wazi, na mlango wetu siku zote uko wazi, hata kitasa hakishiki vizuri. Niliisikia sauti yangu mwenyewe inatafuta wakili.

Akazima jiko. Kwa mara ya kwanza tangu wiki iliyopita akaacha ule upole wa benki.

"Ile habari ya usaili kaka alikuambia wewe peke yako," akasema. "Hata mimi hakuniambia. Nilikuja kuisikia siku ile, wewe ukiigiza."

Niliikumbuka siku yenyewe. Alirudi na tai mfukoni, akanikuta nachambua mchele. Alizungukazunguka jikoni, akafungua kabati, akafunga. Halafu akanisimulia, kanipa mgongo. Nilimwambia si neno, utapata nyingine. Alikaa pale mpaka mchele ukaisha, hata akanisaidia kutoa vijiwe. Nikaona, oh, leo mtoto kanizoea.

Na mimi nikaenda kumwigiza macho.

Alhamisi, 20 Machi

Najaribu kumwandikia ujumbe. Wa kwanza ulianza na unatakiwa kufika nyumbani. Nikaufuta. Wa pili ulianza na kuhusu lile tukio la tarehe nane. Nikaufuta. Baba yao akachungulia begani kwangu, akasema kilichobaki ni muhuri. Nikamfukuza chumbani, halafu nikakumbuka nilivyo na bahati mbaya ya kufukuza watu, nikamwita arudi.

Mwisho nikatuma neno moja: Umekula?

Akajibu haraka. Shikamoo mama. Nimekula, ahsante sana. Nawatakia jioni njema.

Nawatakia jioni njema! Mwanangu! Kama mtangazaji anayefunga taarifa ya habari. Niliusoma tena na tena nikitafuta walau kosa moja la tahajia la kunifariji. Zamani alikuwa akinijibu kwa kialama cha kidole gumba, na nilikuwa nakasirika.

Jumamosi, 22 Machi

Wifi kapiga asubuhi. Leo hakuwa na sauti ya muuguzi mkuu. Alizunguka kwanza, akaulizia maji kama yanatoka, akaulizia goti langu. Kisha akasema. Anataka Mkubwa abaki kwake moja kwa moja. Nyumba ni kubwa, watoto wake wako mbali, usiku taa ni ya chumba kimoja tu. Kuna zahanati karibu wanatafuta mtu wa stoo, ameshaongea nao. Kesho atakuja naye, aage vizuri na tuyamalize ya siku ile, ili mtoto asiondoke na kinyongo cha mzazi.

Nikasema vizuri wifi, ahsante wifi. Nikakata simu nikakaa juu ya pasi. Bahati haikuwa na moto.

Baba yao anasema kijana ni mtu mzima, kazi ni kazi. Najua! Nilikuwa nikiomba apate kazi atoke kwenye kochi. Sasa kochi liko tupu na siwezi kulikalia.

Mchana nilijifungia bafuni kufanya mazoezi ya kesho. Mwanangu, nilikosea kukucheka mbele ya shangazi yako, lakini na wewe ungenivuta pembeni. Mwanangu, nisamehe, lakini mama naye ni binadamu. Nilikuwa kwenye la tatu niliposikia sauti ya Kitinda nje ya mlango.

"Toa hizo lakini, mama. Zote."

Nikazitoa. Yakabaki maneno machache sana. Sijui kwa nini machache ndiyo mazito kuyatamka. Nimejaribu mbele ya bomba, nikaishia kunawa mikono.

Jumapili, 23 Machi

Naandika nimekaa kitandani. Wageni wako sebuleni. Ndiyo, nimewaacha wageni nikaja kuandika, mtu mzima na akili zangu.

Wamekuja mchana. Mkubwa alibisha hodi. Kwenye nyumba aliyotambalia sakafu yake! Akasubiri akaribishwe. Shati limepigwa pasi, nywele zimechanwa. Hajakonda, ilikuwa pembe ya kamera. Akaniamkia kwa kuinama, akakaa kwenye ncha ya kiti kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari. Wifi alimtazama kama mtu aliyelirudisha gari bovu likiwa limepakwa rangi mpya.

Baba yao akafungua kikao. Alisema sisi ni wamoja, akakaa. Wifi akasema mengi. Kisha akamgeukia Mkubwa, akamwambia aanze yeye aliye mdogo.

Mkubwa alikunja mikono. Nikaogopa atakauka tena. Nikajikuta namwombea kimoyomoyo, toa neno baba, toa. Hakuna aliyecheka. Halafu akalitoa.

"Nilikosea kukuambia unyamaze mbele ya shangazi. Naomba radhi, mama." Akameza mate. "Na mimi nilikuambia jambo jikoni, ukalisema mbele ya huyu huyu shangazi. Ningependa nami nisikie neno. Hapa, mbele yake."

Wifi akasema makubwa haya. Baba yao akatazama saa ya ukutani ambayo imesimama tangu mwaka jana. Na mimi, mwenye sauti ya kusimamisha polisi, sauti ikagoma. Maneno ninayo. Nimeyafanyia mazoezi, bila lakini hata moja. Lakini yule wifi pale, na miwani yake, na kikombe chake!

Nikasema ngoja nikachukue leso chumbani. Leso nilikuwa nimeishika mkononi. Kitinda aliiona, akageuza uso dirishani kunisitiri.

Sasa niko hapa. Mlango huu haufungi sawasawa, nasikia kila kitu. Wifi ameanza. Anasema mzazi gani huyu anakimbia kikao. Anasema ndiyo maana watoto wa nyumba hii wameota pembe, mama yao kutwa anawapigia kelele watu huko kazini, na nyumbani akitakiwa neno moja anajificha. Anasema yeye angekuwa ndiye...

"Shangazi, basi." Mkubwa. "Hayo hayakuhusu. Huyo ni mama yangu. Mwache atoke akiwa tayari."

Si kwa sauti ya juu. Ni ile kavu, ya chini, isiyo na shikamoo ndani yake. Ile ile niliyomfukuzia.

Wifi amenyamaza. Sijawahi kusikia wifi akinyamaza, sikujua kunasikikaje. Na sasa ananiita mimi. Anasema nitoke haraka, nije nisikie mtoto wangu anavyomjibu mtu mzima aliyemlisha wiki mbili.

Ni kweli, amekosa adabu. Kabisa. Mama mwenye akili angekuwa ameshatoka, amemkanya, amemtaka radhi wifi, halafu ndipo... Mimi nimesimama mbele ya kioo, mkono mdomoni, natafuta uso wa kutokea nao. Huu nilio nao haufai. Unacheka.

Mlango unagongwa. Ni Mkubwa. Anasema mama, fungua, mimi tu. Nacheka bado na machozi nayo yameanza, yanashuka mpaka kwenye karatasi hii, na ile leso — kumbe nimeiacha sebuleni, juu ya kiti, mbele ya wifi —